Mashine Isiyouliza

Wenye ufunguo wa chumba cha mashine katika hospitali ile walikuwa wawili tu, mkuu wa kitengo cha kompyuta na Chiriku. Mama yake Chiriku alikuwa akipiga deki korido za jengo hilohilo, mwaka wa kumi na moja sasa, na wafanyakazi wote walimwita Mama Deki. Yeye hakuwa na ufunguo huo wala hakuutaka. Ilimtosha kuuona ukining'inia shingoni mwa binti yake. Kila Chiriku alipopita koridoni, mama aliinua kidogo ufagio, akampisha kama anavyompisha daktari, kisha akacheka peke yake.

Jina la Chiriku alipewa mtoto akiwa wa miaka mitatu, kwa kusema bila kituo. Ukubwani alipungua maneno. Akiwa na jambo zito ndiyo alinyamaza kabisa, na hapo mama yake hakuwa na raha mpaka amtoe neno mdomoni.

Jioni, wakishaosha vyombo, walikaa mezani na daftari. Chiriku alisoma kwenye simu au alikumbuka ya kazini, na mama aliandika. Mama aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, kila herufi imesimama wima. Wa Chiriku ulikuwa kama kuku amepita kwenye tope. Ndiyo maana daftari la kazi ya kompyuta la hospitali nzima liliandikwa na mfagizi, na hakuna aliyejua.

Mashine za mle chumbani hazikuwa na vipicha vya kubofya kama vya kwenye simu. Zilikuwa na dirisha jeusi tu. Unaandika neno, unabonyeza enta, mashine inatenda. Mama aliandika hivi:

pwd, uliza uko chumba gani kabla hujagusa kitu.

ls, washa taa uone kilichomo.

df -h, tazama diski imejaa kiasi gani.

cp, nakili, cha kwanza kinabaki. mv, hamisha, cha kwanza hakibaki.

Mshale wa juu, neno ulilosema mwisho linarudi, usichoke kuandika upya.

"Hiyo ya kwanza inanifaa mimi," mama alisema siku hiyo. "Juzi nimeingia wodi ya wanaume nikidhani ni stoo. Ningejiuliza niko wapi, nisingeona niliyoyaona."

"Mama!"

"Nini? Nimesema nimeona nini? Endelea, mwanangu, soma."

"Andika rm. Hiyo ni kufuta."

Mama aliinua kalamu. "Kufuta kabisa?"

"Kabisa. Ila haina shida, inauliza kwanza. Inakwambia, nifute hii? Ukijibu ndiyo inafuta, ukijibu hapana inaiacha."

"Ina adabu."

"Ni Bibi huyo. Bibi anauliza kila kitu."

Bibi lilikuwa jina la mashine kuu, ile ya zamani, iliyohifadhi picha zote za eksirei. Ilikuwa na umri mkubwa kwa mashine na ilinguruma kama mtu mwenye mafua. Chiriku akaeleza zaidi, na hapa sikiliza vizuri, kwa sababu ndipo jambo lote lilipoanzia. Alisema mahali penye faili nyingi, nzuri na mbovu zimechanganyika, yeye hajisumbui kuzitaja moja moja. Anaandika rm na alama ya nyota, na nyota maana yake ni vyote vilivyomo. Halafu Bibi anampitishia kimoja kimoja akiuliza, na yeye anajibu, hiki ndiyo, hiki hapana, hiki ndiyo.

"Kama kuchambua mchele," mama alisema.

"Hivyo hivyo."

Mama akaandika kwa mwandiko wake wa wima: rm na nyota, inauliza kwanza, chambua.

Wasichojua wote wawili ni kwamba kuuliza haikuwa tabia ya neno lile. Neno lenyewe, lilivyozaliwa, haliulizi mtu. Miaka mingi nyuma mkuu wa kitengo alikuwa amefuta kitu kwa bahati mbaya, na tangu siku hiyo akampangia Bibi awe anauliza. Akaacha hivyo, akasahau. Chiriku alipokuja kuanza kazi alimkuta Bibi anauliza, akadhani mashine zote duniani zinauliza.

Mkuu huyo walimwita Babu Waya, kwa kuwa hakukosa waya shingoni au mfukoni, na mara moja alikuja kazini ameutumia mmoja kama mkanda. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa kusahau kula na wa kuzungumza na mashine kuliko na watu.

Bibi alipojaa pomoni, hospitali ilileta mashine mpya. Ilikuwa nyeupe na kimya. Babu Waya aliitazama, akasema, "Huyu Bi Harusi. Hajazoea nyumba bado." Jina likashika.

Wakati huohuo kulikuwa na wagonjwa kumi na mmoja wanaomsubiri daktari bingwa wa mifupa, anayekuja mara moja kila miezi sita na kukaa siku nne. Safari hii alikuwa anakuja Alhamisi. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa fundi seremala aliyeanguka kutoka juu ya paa, akavunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Mfupa ulianza kuunga vibaya. Alikuja kupigwa picha siku ya kuanguka, tena baada ya wiki mbili, tena baada ya mwezi. Alikuwa akikaa benchi la koridoni na kumchokoza Mama Deki.

"Mama Deki, hapo umeruka."

"Wapi?"

"Hapo chini ya mguu wangu."

"Inua mguu basi."

"Nimevunjika mimi."

"Umevunjika mkono, mguu haujakupata bado. Ukiendelea na maneno hayo utakupata."

Seremala akacheka mpaka akashika kiwiko kwa maumivu. "Daktari akininyoosha huu mkono, nitakutengenezea kabati. Mlango wake haulii. Utafungua usidhani umefungua."

Chiriku alipewa kazi ya kuhamisha picha za hao kumi na mmoja kutoka kwa Bibi kwenda kwa Bi Harusi. Alifanya vizuri. Picha zote za kila mgonjwa alizifunga furushi moja kwa amri ya tar, akazihamisha kwa mv, akawasha taa kwa ls kuhakikisha zimefika. Zilifika zote. Ijumaa Bibi akazimwa, diski zake zikang'olewa na kusagwa, kwa sababu siri za wagonjwa hazitupwi jalalani. Diski ya kuchukulia nakala za akiba za Bi Harusi ilikuwa bado ndani ya boksi lake. Babu Waya alisema ataifunga Jumatatu mchana.

Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, Mama Deki alikuwa stoo ya mafagio akikamua tambara. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Chiriku, midomo imekauka.

"Nani amekufa?" mama aliuliza.

"Funga mlango, mama."

Mama akafunga. Stoo ilikuwa ndogo, harufu ya sabuni na maji machafu, na taa yake ilikuwa ya kamba ya kuvuta. Chiriku alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Nimefuta picha za wale wa upasuaji. Mafurushi yote kumi na moja."

Mama hakuelewa mara moja. Alimwomba arudie. Chiriku akarudia polepole, kama anayesoma kwa mtu mwingine. Aliingia kwa Bi Harusi. Akauliza yuko wapi, pwd, yuko mahali sahihi. Akawasha taa, ls, akaona faili thelathini na moja: mafurushi kumi na moja ya wagonjwa, na takataka ishirini zilizobaki kutoka kwenye kuhamisha. Akataka kuchambua. Akaandika rm na nyota, akabonyeza enta, akaweka kidole tayari juu ya herufi ya hapana.

"Hakuuliza, mama."

"Hakuuliza nini?"

"Hakuuliza chochote! Nimekaa namsubiri aulize. Nikadhani amechelewa. Nikawasha taa tena, mle ndani hamna kitu. Peupe."

"Si kuna pipa? Mimi kwenye simu nikifuta picha inakaa kwanza kwenye pipa."

"Kwenye dirisha jeusi hakuna pipa."

Mama alishika ukuta. Kitu cha kwanza alichokiona kichwani, na asiseme mtu kwamba angeona kingine, hakikuwa mkono wa seremala wala daktari bingwa. Aliona ufunguo ukivuliwa shingoni mwa mwanawe mbele za watu. Akasikia kabisa sauti za koridoni: ndiyo basi, mtoto wa mfagizi, mlitegemea nini?

"Nilikuwa naenda kumwambia Babu Waya," Chiriku alisema. "Miguu ikanileta huku. Sasa naenda." Akainuka.

"Subiri."

Neno hilo moja. Mama Deki amelirudia moyoni mara zisizohesabika tangu siku ile, na kila mara linatoka kwa sauti ileile ya upole.

"Subiri, mama yangu. Kaa. Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Babu Waya yuko wapi?"

"Jengo la pili, anavuta nyaya."

"Huyo Bi Harusi, anakumbuka uliyoandika?"

"Anakumbuka. Ukiandika history anakusomea yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho."

"Yanafutika?"

Chiriku alimtazama. Macho ya mtoto wa miaka ishirini na minne yakawa ya mtoto wa miaka minane. "Yanafutika. Lakini mama, nadhani kuna namna ya kuzirudisha zile picha. Niliwahi kumsikia Babu Waya akisema. Sijui vizuri, yeye ndiye anayejua."

"Unadhani, au una hakika?"

"Nadhani."

"Basi kwa kudhani usiende kujichoma. Mashine ni mpya. Vitu vipya vinaharibika, kila mtu anajua hivyo. Kafute hayo maneno, kaa kimya, ukiulizwa hukugusa. Mungu atafungua njia. Umenielewa?"

Chiriku alishika komeo la mlango. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mama," akatoka. Mama akabaki anakamua tambara ambalo lilikuwa limeshakauka.

Alijiambia amemwokoa mwanawe. Siku ile yote alifagia kwa nguvu. Aliposikia mlio wa mashine ya eksirei mwisho wa korido, mmoja anaingia, mwingine anatoka, hakujua kwamba kila mlio ni picha mpya inayokwenda kutafuta mahali pa kukaa ndani ya Bi Harusi. Angejuaje? Hakuna aliyemwandikisha hilo kwenye daftari.

Jumanne asubuhi seremala alikuja kupimwa damu. Alikaa benchi lake.

"Mama Deki, picha zangu ziko tayari? Mwanao si ndiye anazitunza?"

"Zipo," Mama Deki alisema bila kuinua uso.

"Zote tatu? Nimeambiwa daktari anaitaka hasa ile ya siku ya kwanza. Anataka kuona ulivyopasuka kabla haujaanza kujiunga."

"Nimekwambia zipo. Inua miguu."

Akainua miguu yote miwili juu kama mtoto, akitarajia kutaniwa. Mama Deki akapitisha tambara chini yake, akaenda zake.

Mchana wa siku hiyo Babu Waya alifungua mahali pa wagonjwa wa upasuaji ili awaandalie wauguzi, akakuta hamna kitu. Akamwita Chiriku. Mama Deki alikuwa akifuta vioo vya dirisha la pembeni na aliwaona kupitia kioo, ingawa sauti zilimfikia nusunusu. Alimwona Babu Waya akikuna kichwa, akiuliza. Alimwona Chiriku akitikisa kichwa. Kisha Babu Waya akaandika neno, akasoma, akaguna.

"Hakuna hata mtu aliyeingia," alisema kwa sauti. "Diski hii inameza. Imekuja mgonjwa kutoka huko ilikotoka."

Mama Deki akashusha pumzi. Njia imefunguka, aliwaza. Ndiyo hivyo alivyowaza, na haifai kumpaka rangi nzuri kuliko aliyokuwa nayo.

Jumatano Babu Waya alikaa mle chumbani tangu asubuhi. Mtu anayedhani diski ni mgonjwa huitibu kama mgonjwa. Alihamisha picha za siku mbili zile kwenye diski ya akiba, ile aliyosahau kuifunga Jumatatu, kisha akasafisha diski ya Bi Harusi nzima, kona hadi kona, akaijaza sifuri kupima kama kuna sehemu mbovu. Hakukuta sehemu mbovu hata moja. Akashangaa sana. Akaipanga upya.

Jioni hiyo nyumbani chakula kilipoa. Chiriku alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Kula kidogo."

"Amesafisha diski, mama."

"Si vizuri? Sasa hata athari haipo."

"Hata athari haipo," Chiriku alirudia. "Nimesoma leo mchana. Nilikuwa naogopa kusoma, leo nikajikaza. Faili likifutwa haliendi popote. Linafutwa jina tu. Lenyewe linabaki palepale mpaka lingine lije likalie kiti chake. Ukizima mashine mapema unaweza kulitoa."

Mama alisogeza sahani. "Mapema lini?"

"Jumatatu, mama. Saa nne."

Chiriku akainuka, akaosha sahani yake ambayo haikuliwa, akaingia chumbani. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa taratibu, na hilo lilimuumiza mama kuliko kubamizwa.

Alhamisi asubuhi daktari bingwa alifika na mkoba wake, na kabla ya saa tatu alikuwa ameshaomba picha. Chiriku alimfuata Babu Waya chumba cha mashine akafunga mlango, lakini mlango ule una tundu la nyaya chini, na Mama Deki alikuwa amepiga magoti papo hapo na tambara mkononi. Hakuwa akisugua chochote.

"Mkuu, diski haikuwa mgonjwa. Ni mimi."

Mlio wa vidole kwenye herufi ukakoma. Feni tu.

"Wewe nini?"

"Niliandika rm na nyota. Jumatatu saa nne. Nikasubiri iulize."

"Iulize?" Babu Waya alisema, kisha sauti yake ikashuka. "Ah. Iulize. Kama Bibi." Kiti kikasogezwa. "Mtoto wewe. Bibi mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza. Sikukwambia?"

"Hukuniambia."

"Sikukwambia." Alirudia kama anayejipiga. "Hilo ni langu, nalibeba. Lakini Jumatatu nilikuwa jengo la pili tu hapo. Ungepiga kelele kwenye dirisha ningesikia. Ningechomoa waya ukutani palepale. Ningezitoa hata tisa, hata kumi. Na Jumanne nilikuuliza! Nilikuuliza umegusa, ukasema hapana. Nikaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Nimezimaliza mimi kwa mkono wangu, unajua? Nimekaa hapa siku nzima nazisugua zisionekane. Na historia ilikuwa tupu. Kwa nini ilikuwa tupu?"

"Niliifuta."

"Kwa nini?"

Viatu vya Chiriku vikasogea nyuma.

"Nakuuliza. Kukosea ni kukosea, kila mtu ana siku yake. Lakini kufuta nyayo si kukosea. Nani alikufundisha hivyo? Mimi sikukufundisha."

Chiriku alikaa kimya, na kimya kile mama alikijua. Mwanawe hakuwa na nia ya kusema. Angefukuzwa, angetembea koridoni na boksi la vitu vyake, na asingesema. Mama Deki akasukuma mlango.

"Mimi nilimfundisha."

Babu Waya aligeuka. Mazoea ni kitu cha ajabu, kwa sababu neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Mama Deki, usiingie na maji humu!"

Akaweka tambara nje, akarudi mikono mitupu. "Alikuwa anakuja kwako siku ileile, saa ileile. Nilimzuia mimi. Nilimwambia akafute maneno yake, nikamwambia akiulizwa akatae. Mfukuze mtu anayestahili."

"Mama, toka," Chiriku alisema.

"Sitoki."

"Mama, toka! Umesema ya kutosha Jumatatu. Hii ni kazi yangu. Mkono ulioandika ni wangu, na mdomo uliokataa Jumanne ni wangu. Mimi si mtoto wa kushikwa kalamu."

Hakuwahi kumpandishia sauti maisha yake yote. Mama Deki alirudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka akawa koridoni.

Daktari bingwa hakupiga kelele. Aliwaita wagonjwa mmoja mmoja. Wanane walipigwa picha mpya siku hiyo, akasema zinamtosha. Watatu hazikumtosha. Seremala alikuwa miongoni mwa hao watatu. Daktari alimweleza kwamba mfupa wake sasa umejifunika, na bila kuona ulivyopasuka siku ya kwanza hatathubutu kuupasua upya, asije akakata mshipa ukafa mkono mzima. Kuna kipimo kingine kikubwa, kiko hospitali ya mbali, akakifanye, waonane baada ya miezi sita.

"Baada ya miezi sita utanyooka?" seremala aliuliza.

"Utanyooka kiasi," daktari alisema.

Kiasi gani, hakusema.

Chiriku alisimamishwa kazi mpaka kamati ya nidhamu ikae. Babu Waya aliandika barua mbili, moja ya kumshitaki na moja ya kujishitaki mwenyewe, akazipeleka zote. Ufunguo hakuna aliyemvua. Chiriku aliuvua mwenyewe, akauweka juu ya meza, na ilikuwa jambo dogo, la sekunde moja. Hakuna aliyeangalia.

Mama mwenye mtoto kazini, kama unasoma haya, usije ukadhani haya ni ya kompyuta tu. Mtoto wako labda anapima dawa, labda anaendesha gari, labda anashona. Siku moja atakuja kwako amekauka midomo, na utakuwa na neno moja tu la kumpa kabla hajatoka mlangoni. Mama Deki alidhani anamkinga mwanawe na watu. Kumbe mtu aliyekuwa anahitaji kukingwa alikuwa amekaa benchi, anainua miguu apigiwe deki.

Alimkuta hapo saa nane mchana, wenzake wameshaondoka. Seremala alikuwa akisubiri karatasi ya rufaa. Mkono wa kulia aliuweka mapajani kama kitu cha kumshikia mtu.

Mama Deki hakuwa na ufagio. Alisimama mbele yake.

"Leo hunipi amri?" seremala alisema. "Miguu iko chini."

"Nina neno."

"Sema."

Akasema. Alianza mwisho akarudi mwanzo, akasahau nyota, akaikumbuka, akasema habari ya stoo, akasema habari ya neno subiri. Seremala alisikiliza akitazama ukuta wa mbele, ule wenye tangazo la kunawa mikono.

"Jumanne nilipokuuliza picha zangu, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia zipo."

"Nikakwambia zipo."

"Na siku hiyo Jumanne, zilikuwa zinaweza kupatikana?"

Mama Deki alitamani aseme hapana. Ingekuwa rahisi kwao wote wawili, na nani angemkosoa? "Pengine," alisema. "Baadhi. Sijui kama yako. Zilisafishwa Jumatano."

Seremala alijaribu kukunja kiwiko. Kilikunjika kidogo, kikakwama. Akajaribu tena, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa ambao jana alipita.

"Mimi nakata kwa mkono huu," alisema. "Wa kushoto unashika tu."

"Najua, kaka yangu."

"Usiniite kaka leo."

"Sawa."

Muuguzi alipita na toroli. Walingoja lipite.

"Huyo binti yako yuko wapi?"

"Yuko nje, kwenye ngazi. Ananisubiri twende nyumbani." Akaongeza haraka, "Yeye hana kosa, mimi ndiye..."

"Sikukuuliza kosa la nani. Nataka aje anieleze mwenyewe. Yeye ndiye aliyeshika picha zangu."

Maneno yalimjaa Mama Deki mdomoni. Mtoto amechoka, mtoto hajala tangu jana, aulizwe kesho, aulizwe mbele yake ili amsaidie kujibu. Aliyameza moja baada ya jingine. Akaenda mpaka kwenye ngazi.

"Fundi seremala anakuita," alisema. "Peke yako."

Chiriku alimtazama, akapangusa viganja kwenye sketi, akaingia. Mama Deki alibaki nje juani. Kupitia mlango wa kioo alimwona mwanawe akikaa benchi, si karibu sana, akianza kuongea huku akionyesha kwa vidole jinsi alivyoandika. Seremala hakumtazama. Kisha akamgeukia, akauliza kitu. Chiriku akajibu. Akauliza tena.

Mlango ulikuwa hatua tatu. Mama Deki alishika chuma cha ngazi kwa mikono yote miwili, akakaa hapohapo alipo.